Mdogo Wangu Amepewa Simu

Jumatatu, 3 Machi

Naomba radhi, daftari. Miezi saba sijakufungua. Mtu mwingine nisingemsamehe uzembe wa namna hii, na mimi sijisamehi. Lakini anayeuguza hana mikono miwili. Ana minne, na yote imeshika vyombo.

Niandike kwa utaratibu. Januari ya mwaka jana mdogo wangu alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia umekufa, mguu wa kulia unaburutwa, na ulimi umekuwa mzito hata maneno yake yote yanatoka kwa sauti moja. Akili ni ileile. Nilimleta hapa kwenye nyumba ya wazazi wetu siku ileile alipotoka hospitali. Tangu hapo mimi ndiye kinywa chake. Daktari akiuliza, najibu mimi. Jirani akiuliza, najibu mimi. Binti yake ni muuguzi katika mji mwingine, ana nyumba yake, na ameomba mara nne amchukue baba yake akae naye. Nimemjibu mara nne: hataki.

Leo binti huyo ametuma kifurushi kwa basi. Ndani yake simu. Simu gani hiyo! Pana kama mche wa sabuni uliokatwa nusu, na chini ina vitufe vya alfabeti nzima, kila kimoja kama punje ya dengu. Karatasi ya maelezo inasema imetengenezwa mahususi kwa "wapenda meseji". Wapenda meseji! Kuna kitufe cha kijani pembeni kinachofungua meseji moja kwa moja. Kuna majibu yaliyoandikwa tayari, ili mtu asisumbuke kufikiri. Kuna vikatuni vya nyuso. Na kuna sauti ya mwanamke itakayokusomea kwa nguvu ulichoandika, kana kwamba huna ndugu.

Karatasi ina makosa saba ya lugha. Nimeyatia alama kwa kalamu nyekundu.

Mdogo wangu ameishika kwa mkono wa kushoto tangu mchana. Hakuiweka chini hata wakati wa kula.

Jumatano, 5 Machi

Anaandika! Kwa kidole gumba cha kushoto, polepole, kama kuku anayedonoa. Mwaka jana nilimpa kalamu na karatasi. Mkono wa kushoto ukatoa mikwaruzo mitupu, nikavirudisha kabatini. Vitufe havihitaji mwandiko. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Asubuhi nilikuwa nakunja shuka. Simu ikasema, kwa sauti ya yule mwanamke asiyejua mkazo wa neno unakaa wapi: "Fungua dirisha." Nikageuka. Akabonyeza tena. "Fungua dirisha."

Nikamwambia upepo utamdhuru, na tena yeye mwenyewe hapendi upepo. Akaandika kwa muda mrefu. Nikasubiri na shuka mikononi.

"Napenda upepo. Wewe ndiye hupendi."

Nimefungua. Vumbi limeingia mpaka kwenye vikombe.

Nimeweka kanuni. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa msomaji wa prufu, zile kurasa za majaribio, katika kiwanda cha uchapaji. Hakuna ukurasa uliokwenda mashineni bila herufi zangu mbili pembeni. Ukurasa mbovu niliuzuia, na uliozuiwa ulikwenda kikapuni, ukafa. Mafundi wa mitambo waliniita Nukta, kwa kuwa nikitokea tu, sentensi za watu zinakwisha. Basi na hapa iwe hivyo. Mdogo wangu ataandika, atanipa simu, nitasahihisha, nitatuma mimi. Amekubali kwa kichwa. Au nimeona hivyo.

Ijumaa, 7 Machi

Prufu za leo. Kwa mfamasia: orodha ya dawa. Safi, nimeongeza vituo viwili tu. Mfamasia akajibu kwa kidole gumba cha kuchorwa. Mtu mzima, mwenye koti jeupe! Kwa binti: picha ya mguu uliovimba, maana mche huu wa sabuni unapiga picha pia. Binti hakuandika. Alituma sauti yake. "Baba, uinue mguu juu ya mto, halafu mwambie Shangazi apunguze chumvi." Nimeambiwa hayo ndani ya nyumba yangu, na simu!

Saa tisa nilikuwa nafua. Hodi. Nani? Yule fundi cherehani wa kona, rafiki yake tangu wanacheza bila viatu. Mtaa mzima unamwita Pindo, kwa sababu hajawahi kushona pindo lililonyooka. Huyu nilimzuia mlangoni mwaka jana. Nilimwambia mgonjwa hataki wageni, asirudi.

"Dada Nukta! Marehemu wangu yuko wapi?"

Nikamwambia hapa hakuna marehemu.

"Basi kafufuka! Soma mwenyewe." Akanisogezea simu yake usoni. *Nipo njiani, nitafika baada ya dakika kumi.* Moja ya yale majibu ya tayari! Limetumwa na mtu ambaye hajalifikia geti kwa miezi kumi na minne!

"Nikamsubiri dukani," Pindo akasema. "Nikafagia hadi kibarazani. Nikamtolea kiti. Dakika kumi, ishirini, arobaini. Nikasema huyu kakwama kwenye foleni ya kitandani. Acha nimfuate."

Mdogo wangu alicheka. Kicheko chake kimepinda upande mmoja, lakini kilikuwa kicheko. Mate yakamtoka, na Pindo akamfuta kwa kipande cha kitambaa alichokuwa nacho begani, kitambaa cha suruali ya mteja! Walikaa saa mbili. Mmoja anaropoka, mwingine anabonyeza, na yule mwanamke wa simu anasoma matusi yao bila kujua anasema nini. Sijapata kusikia matusi yakisomwa kwa adabu namna ile.

Pindo alipoondoka nilimkumbusha mdogo wangu kanuni. Ujumbe ule haukupita kwangu. Akaandika: "Nilisahau."

Simwamini. Lakini ameinamisha kichwa, na jioni alinikabidhi simu mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya chai alinipa ujumbe wa kwenda kwa binti yake. Nanukuu ulivyo:

*mwanangu njoo unichukue nikae kwako nimechoka kuwa mgonjwa wa dada*

Hauna herufi kubwa. Hauna kituo hata kimoja. Na "mgonjwa wa dada" ni kitu gani? Mtu huwa mgonjwa wa moyo, mgonjwa wa figo. Nimeusoma mara tano. Ni ukurasa usiofaa kwenda mashineni.

Nimeuzuia. Nikabonyeza kurudi nyuma, nikaifunga simu, nikamrudishia. Aliniuliza kwa macho.

Nikasema, tayari.

Jumatano, 12 Machi

Jana mwingine. *Mwanangu mbona hujibu.* Nimeuzuia.

Leo tena. *Kama huna nafasi sema tu. Sitakasirika.* Huu nao nimeuzuia.

Katika huu wa tatu hakuna kosa hata moja.

Kutwa ameitazama skrini. Binti yuko zamu ndefu wiki hii, hajatuma salamu zake za kawaida, na kwa hiyo kimya kimekuwa kikubwa. Chakula amekigusa tu. Nimemwambia mtandao ni mbovu.

Ijumaa, 14 Machi

Pindo amekuja bila kualikwa. Nilikuwa jikoni, mwiko mkononi. Nikamsikia anachezea simu ya mwenzake, kama kawaida yake ya kugusa vitu vya watu.

"Hee, ndugu yangu! Hii tatu nyekundu hapa juu ni nini?"

Akaigusa ile tatu. Kisha: "Rasimu. Una meseji tatu kwenye rasimu, hazijaenda. Umewaweka rumande watoto wa watu? Kosa lao nini?"

Alikuwa anacheka. Kisha akaacha kucheka. Nadhani alizisoma.

Sikujua. Niandike wazi: sikujua kwamba simu inazihifadhi. Kiwandani kilichozuiwa kilikufa. Mtu aliupeleka ukurasa kikapuni na jioni kikapu kikamwagwa. Simu hii, kumbe, haina kikapu. Ina kabati, tena mlangoni pa kabati kuna namba nyekundu ya kuhesabu yaliyomo!

Nilitoka jikoni. Mdogo wangu hakuniangalia. Kidole gumba kikashuka mara tatu. Tii. Tii. Tii. Kila ujumbe na mlio wake.

Pindo alichukua kofia yake. Nilingoja kejeli. Nilikuwa tayari nimeandaa jibu.

"Dada," akasema, "hii si nzuri. Si nzuri kabisa, Dada."

Akaondoka. Hata Nukta hakuniita. Wali uliungua, tumeula hivyohivyo.

Jumamosi, 15 Machi

Binti amenipigia kwenye simu yangu ndogo.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba." Hata katika hasira alisalimu kwanza. Hilo nalisifu.

"Baba amenitumia meseji tatu kwa mpigo. Ya kwanza anasema aliiandika Jumapili. Ilikuwa wapi siku zote hizi?"

Nikasema ilikuwa inasahihishwa.

"Inasahihishwa?"

Nikasema, ndiyo.

Nyuma yake nikasikia kitanda cha magurudumu kikipita, na mtu akiita jina la dawa. Kisha akasema: "Mara nne nilikuomba nimchukue. Mara nne ukasema hataki. Leo nimemuuliza mwenyewe kama ni kweli alikataa. Unajua kajibu nini?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Neno moja. *Sikuulizwa.*"

"Aliulizwa," nikamwambia. "Aliulizwa mbele yangu, na mimi nikajibu."

"Shangazi! Hebu jisikilize."

Nilijisikiliza. Sentensi ni sahihi.

Jumatatu, 17 Machi

Amekuja. Alfajiri basi, saa tatu yuko mlangoni, macho mekundu ya zamu. Nilikuwa nimejiandaa. Nilipanga hoja zangu nne na mpangilio wake.

Hakunipa nafasi. Alinawa mikono, akamgeuza baba yake ubavu, akamfunua shati, akamkagua mgongo, makalio, visigino. Akavaa tena uso wa kazini.

"Hana kidonda hata kimoja," akasema. "Miezi kumi na minne. Mimi nina wagonjwa wa wiki mbili wenye vidonda vya kuingia kidole. Kwa hiyo Shangazi, usije ukasema nimesema hukumtunza. Umemtunza kuliko ambavyo ningemtunza mimi."

Ningependelea anitukane. Kwa tusi nina majibu.

Kisha akasema gari litakuja Jumapili, saa nne asubuhi. Mwenzake kazini analo lenye kiti kinacholala. Chumba kiko tayari, mlango umepanuliwa, kuna mwenzake atakayemwangalia mchana.

Mdogo wangu akaandika. Tukasubiri wote wawili tukikitazama kidole kile.

"Siondoki bila ruhusa ya Dada."

"Baba, jamani! Mtu mzima wa miaka sitini na mbili!"

"Hata ukiwa na tisini. Nyumba hii haiachwi hivyo."

Hapo amesema kweli. Ni desturi ya wazazi wetu. Hakuna aliyehama chini ya paa hili bila mkubwa wa nyumba kutamka. Si kunung'unika, si kutikisa kichwa. Kutamka. Mdogo wangu alipokwenda kuoa, Baba alimwambia "Nenda" mbele ya mlango huu, na bwana harusi alilingoja neno hilo tangu asubuhi mpaka alasiri, viatu vikiwa miguuni. Baba na Mama hawapo. Mkubwa ni mimi.

Binti akanigeukia. "Umemsikia. Basi ni wewe." Akafungua mkoba, akatoa simu nyingine, ndugu wa ile ya baba yake. "Na hii ni yako. Wewe na Baba mkiambiana jambo, mwambiane wenyewe. Sitaki tena kupitia kwa mtu."

Akanifundisha pale pale mezani, kwa haraka na bila heshima, kitufe gani ni cha nini. Akaondoka na basi la saa nane. Alipokuwa anatoka akanikumbatia! Nilikuwa nimeshika sahani.

Alhamisi, 20 Machi

Nyumba kimya. Namwogesha, namvisha, namlisha. Ananiinulia mkono ulio mzima ili shati lipite, kama kawaida. Lakini yule mwanamke wa simu hajasema nami neno tangu Jumatatu. Kwa Pindo anasema. Kwa mfamasia anasema. Jana alimuuliza kinyozi habari za mama yake. Mimi nikiingia, ananyamaza.

Nimeifungua simu yangu, kwa ukaguzi tu. Majibu ya tayari yako ishirini. Nimeyasoma yote. Sawa. Asante. Nimechelewa kidogo. Nitakupigia baadaye. Samahani, niko kikaoni. Hakuna linalonifaa.

Nashangaa watu wanavyoishi na vitu hivi. Kila ukigeuka kuna mlio. Mtu anajibu kabla hajaelewa, anatuma kabla hajasoma, na akikosea anatuma kikatuni cha uso unaocheka machozi. Kiwandani tulikuwa na siku tatu kati ya kuandika na kuchapa. Siku tatu! Mengi yalikufa katika siku hizo tatu, na yalistahili kufa.

Niandike jambo moja, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma.

Mara ya kwanza binti alipoomba, ilikuwa Aprili ya mwaka jana. Simu ilikuwa sikioni mwangu na mdogo wangu amekaa mbele yangu. Nilirudia swali kwa sauti ili alisikie. Akatikisa kichwa, juu, chini. Si mara moja. Mtoto mchanga angeelewa. Nikasema kwenye simu: hataki.

Akaacha kutikisa.

Mara tatu zilizofuata nilitoka nje kuongea.

Sikuwa na nia mbaya. — La. Sentensi hiyo ifutwe, sina ushahidi wake. Ninachokijua ni hiki: kiwanda kilifungwa mwezi wa Novemba, na yeye aliugua Januari. Katikati palikuwa na wiki tisa. Katika wiki hizo tisa nilikuwa nasoma maandishi ya makopo ya maziwa na kuyatia alama. Mkopo mmoja — kopo moja! Ona, hata mkono umeanza kukosea. Kopo moja nililipeleka hadi dukani kumwonyesha mwenye duka. Alinitazama kwa huruma.

Kisha hospitali wakapiga simu, kwamba kuna mtu anahitaji kusemewa.

Jumamosi, 22 Machi

Saa nne asubuhi. Niko chumbani, yeye sebuleni. Ukuta mmoja kati yetu. Simu yangu imelia. Jina lake juu yake. Ni mara ya kwanza kuniandikia.

*Dada. Gari linakuja kesho. Naomba ruhusa niende. Ukisema nikae, nitakaa, na sitakuomba tena.*

Herufi kubwa zipo. Vituo vipo. Hata mkato upo, kila mahali unapostahili. Kwa kidole kimoja, sijui amekaa nao tangu saa ngapi. Nimeutafutia kosa. Nimeusoma kinyumenyume, neno la mwisho kwanza, kama tulivyofundishwa, kwa kuwa kosa hujificha kwenye maana. Hakuna.

Ni hatua sita tu hadi sebuleni. Ningeweza kutoka nikamjibu kwa mdomo. Lakini ameuliza kwa maandishi, na la maandishi hujibiwa kwa maandishi. Nimekaa kitandani, nikaanza.

Nimeandika: Nenda. Nimefuta. Linasomeka kama namfukuza.

Nimeandika: Kaa. Hilo nimelifuta upesi zaidi.

Nimeandika aya nzima. Kwamba ageuzwe kila baada ya saa mbili, hata akilalamika. Kwamba kidonge cheupe kisimezwe na maziwa. Kwamba anasema hana kiu na kumbe ana kiu. Kwamba mguu mbaya uanze kuvishwa kabla ya mzima. Ruhusa nayo imo, katikati, baada ya habari ya maziwa. Nimeisoma aya. Yule msomaji wa prufu niliyekuwa angeirudisha kwa mwandishi na kumwuliza: unataka kusema nini? Nimefuta yote, herufi moja moja, kwa sababu sijui kitufe cha kufuta kwa pamoja.

Simu ikalia mkononi.

*Hapa imeandikwa Dada anaandika. Halafu inaacha. Halafu anaandika tena.*

Sikuambiwa! Kwamba chombo hiki kinamwonyesha mtu wa pili hata kabla sentensi haijapata kiima! Kwamba amekaa pale akitazama nikiandika na nikifuta, na nikiandika, na nikifuta! Ni mwendawazimu gani aliyebuni jambo hili? Mtu hana tena haki ya kufuta kwa siri ndani ya chumba chake?

Nimeilaza kifudifudi juu ya shuka. Kupitia ukutani nikamsikia anacheka. Si kwa uovu. Halafu hakucheka tena. Halafu ikalia mara ya tatu, na sikutaka kuigeuza, nikaigeuza.

*Usisahihishe. Tuma tu.*

Sasa ni saa sita kasoro. Begi lake liko wazi juu ya kiti cha sebuleni, halina kitu ndani. Pindo amekuja kumsaidia kulipanga na ameambiwa asubiri. Nasikia fundi cherehani huyo anavyopumua na kuhema, hana mzaha hata mmoja. Wote wawili wanatazama kioo kile cha simu.

Sitaandika hapa neno jingine kabla lile halijatoka. Likishatoka, liwe Nenda au liwe Kaa, nitalinakili hapa chini kama lilivyotumwa, na makosa yake.